Nani Amejaza Tangi?

Jumatano, 12 Agosti

Tumefika kisiwani. Wanne: mimi, Nesi, Fundi Cherehani na Kinyozi. Boti ilichelewa saa moja na nusu. Hilo si kosa langu, na nimeliandika hapa lisije likageuzwa kuwa kosa langu.

Niseme ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu (ipo ndani ya begi, na zipu nimeitilia alama). Hali yangu si nzuri. Mimi ni mwenyekiti wa likizo zetu tangu tumalize shule. Mwaka juzi niliwapeleka pwani ambayo bahari ilikupwa asubuhi na kurudi tukiwa tumeshalala. Mwaka jana nyumba ya wageni niliyolipia ilikuwa haijaezekwa. Safari hii wameniambia wazi: hii ikiharibika, kiti anachukua Kinyozi. Nilicheka nao. Rohoni sikucheka. Mimi sijui kuimba, sijui mizaha, kuogelea ndiyo kabisa. Nikivuliwa kiti sijui watakuwa wananialika kwa kazi gani.

Ndiyo maana nimepata nyumba hii. Vyumba viwili na baraza, hatua mia mbili kutoka baharini, nusu bei. Wameuliza nimewezaje. Nikasema ni ulimi tu. Ukweli ni kwamba mama mwenye nyumba, ambaye anakaa nyumba ya jirani, ana tangi la maji linalojazwa kwa pampu ya mkono iliyo uani. Tumeelewana kuwa wageni watalijaza kila asubuhi, kwa matumizi ya nyumba zote mbili. "Wageni" ni neno pana. Sikuona haja ya kulifafanua kwa wenzangu.

Nimegawa vifaa. Kazini mimi ni mtunza stoo, na stoo haiendi likizo. Kila mtu amesaini kwenye leja: godoro moja, shuka mbili, taulo moja, kikombe kimoja. Fundi alisaini huku anacheka. Kinyozi alisaini bila kucheka. Huyo wa pili ndiye wa kuangaliwa.

Nesi anasema hajapata likizo miaka mitatu, na anachotaka ni kitu kimoja tu, kulala mpaka jua limpige usoni. Dirisha lake linatazama pampu.

Alhamisi, 13 Agosti

Niliamka kabla ya jogoo. Pampu inalia kama punda aliyeonewa. Nikaifunga taulo (langu, nimelisainia) ili isipige kelele. Ikaendelea kulia, ila sasa kwa uchungu wa ndani. Nilisukuma mara mia nne na kumi na mbili. Viganja viliwaka moto. Tangi lilifika nusu.

Mbinu mpya: wapampu wenyewe bila kujua kuwa wanapampu. Wakati wa chai nilitangaza Mazoezi ya Viungo, kila asubuhi, kwa afya ya wote. Nilieleza faida zake kwa mabega na mapafu. Nesi alisema yeye ndiye nesi, na mapafu yake yanataka usingizi. Kinyozi aliuliza kwa upole kwa nini mazoezi haya yanahitaji pampu. Nikamjibu kuwa kila mazoezi yana kifaa chake. Fundi peke yake ndiye aliyejitokeza, akasukuma mara ishirini, akakaa chini. Alisema mkono wake ni wa kuendeshea cherehani, ukivunjika nani atamshonea mwanawe sare za shule? Swali la haki. Nikamalizia mwenyewe.

Saa nne nilimkuta Kinyozi kwenye uzio anaongea na mama mwenye nyumba. Walikuwa wanacheka. Nilipofika wakaacha kucheka. Mama akasema habari za asubuhi mwanangu, pole na kazi. Kazi gani? Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati safi na miwani ya jua. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kumbukumbu: kikombe kimoja hakionekani.

Ijumaa, 14 Agosti

Kinyozi amekuja na mashine yake ya kunyolea. Nani anakwenda likizo na vifaa vya kazi? (Leja yangu ni suala jingine.) Alimnyoa mwenye boti ufukweni, bure, na yule bwana kwa shukrani akaahidi kuwapeleka wote kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Bure pia. Bila kupitia kwa mwenyekiti! Huku ndiko kutiana mchanga kwenye kitumbua, na mchanga wenyewe tumezungukwa nao.

Walinisihi niende. Nesi alinivuta mkono, nikapiga ukelele kwa sababu ya malengelenge, nikasema ni furaha. Nikabaki. Nilisema nalinda nyumba. Nilibaki kwa sababu tangi lilikuwa limekauka. Kuna mtu anaoga mara mbili kwa siku, na Fundi anaosha nywele kama vile anafua zulia. Nimechora mstari wa chaki kwenye tangi ili nijue nani anatumia nini. Bado sijui chaki itanitajia vipi majina, lakini kazini huwa inasaidia.

Nilipampu kuanzia saa tano mpaka saa nane. Kwa mbali niliwaona kwenye fungu la mchanga, nukta tatu zinarukaruka. Nukta moja ilipunga mkono upande wangu. Sikuipungia. Mikono haikuinuka.

Walirudi wamebabuka jua na wana furaha ya kupita kiasi. Watu watatu wakifurahi hivyo, wa nne ajiulize wamekubaliana nini. Nesi aliviona viganja vyangu, akauliza nimefanya nini. Nikasema kuogelea. Akanifunga bendeji kile kilichochubuka zaidi, akanipa kidonge cha maumivu, kisha akamwangalia Kinyozi. Kinyozi akamwangalia Fundi. Fundi akaangalia dari. Nimekaa stoo miaka kumi na moja, naujua mzunguko wa macho ya watu wenye njama.

Kabla sijalala nimefunga uzi mweusi kutoka mpini wa pampu mpaka kwenye nguzo. Atakayeigusa atauacha umekatika. Hiyo ndiyo mbinu iliyomnasa yule mwizi wa sabuni kazini. (Alikuwa paka, lakini alinaswa.)

Jumamosi, 15 Agosti

Niliamshwa na jua usoni. Saa tatu! Sijawahi kuamka saa tatu maishani. Kile kidonge. Nilikimbia uani bila viatu.

Uzi umekatika. Tangi limejaa pomoni, mpaka linatiririka pembeni. Mstari wa chaki umefutika kwa maji.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Hakuna mtu anayepampu maji ya mwenzake kwa mapenzi. Yupo anayetaka mama mwenye nyumba aseme kwamba aliyetimiza ahadi ni yeye. Mama akisema hivyo, wenzangu watajua kuwa ahadi ilikuwepo. Wakijua, nimekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu anatembea na mashine ya kunyolea.

Dawa ilikuwa moja tu. Nilifungua bomba la chini ili tangi lipungue mpaka nusu, nilijaze upya mchana kweupe, mama akiwa anaona. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa uani. Uani kumeinamia upande wa nyumba, jambo ambalo lingefaa kutajwa wakati wa makubaliano. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita jikoni, yakaenda moja kwa moja chumbani kwangu. Godoro langu lipo sakafuni. Lilikunywa kila kitu. Kwenye leja nimeliandika: limelowa, chanzo kinachunguzwa.

Mama mwenye nyumba akatokea amejishika kiuno. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza mwanangu una akili timamu, unamwaga maji ambayo wenzako wameyapampu tangu alfajiri kwa zamu, mmoja anapampu na wengine wawili wanashika mpini usilie ukakuamsha?

Nikamwuliza wenzangu wepi. Akasema wote watatu, yule mwenye nywele ndefu, yaani Fundi, ndiye aliyetangulia. Akasema wanajua habari za tangi tangu siku ya kwanza, maana yeye mwenyewe aliwaambia getini wakati mimi nahesabu mashuka. Walimwomba asinitajie. Walisema nitaona aibu.

Nilimshukuru kwa heshima, nikaenda kuanika godoro. Shahidi huyu amepangwa. Amenyolewa mjukuu wake bure jana, nimeona kwa macho yangu.

Lakini nimejaribu kumwona Nesi, ambaye alitaka kitu kimoja tu duniani, ameamka alfajiri anashika mpini wa pampu ili mimi nilale. Nimeshindwa kuimalizia picha hiyo. Nimeenda kutafuta kikombe kile kilichopotea. Sijakipata.

Jumapili, 16 Agosti

Siku ya mwisho. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Wameondoka, nikasema. Wamenitenga. Nilikuwa tayari nimeanza kuitunga barua ya kulalamika, aya ya kwanza ilikuwa nzuri sana.

Leja ilikuwa wazi juu ya meza. Mwandiko wa Fundi, ule wa kuandika vipimo vya nguo:

Imetoka: mwenyekiti mmoja. Hali: chakavu, viganja vibovu. Sababu: apumzike, na yeye yuko likizo. Amepokea kazi: Kinyozi. Mashahidi: Nesi, Fundi Cherehani. Chini yake Kinyozi alikuwa ameongeza kwamba chai ipo kwenye chupa, na nikimaliza niwafuate ufukweni.

Niliisoma mara tatu. Niliogopa siku hii miaka yote, na imekuja na chupa ya chai.

Nikaenda. Fundi alinishika mkono akaniingiza majini mpaka kifuani, akaniambia nilale chali, naye atanishikilia kichwa. Nikasema nitazama. Akasema amenijua tangu darasa la pili na hajawahi kuniachia. Nikalala. Masikio yakaingia maji, kukawa kimya, mbingu ikawa kubwa. Sikuhesabu chochote. Sijui ilikuwa dakika ngapi.

Baadaye, tumekaa mchangani, niliwauliza sasa nitakuwa nakuja kama nani. Sikutaka kuuliza, lilinitoka. Nesi alisema pole kaka, wewe tungekualika hata usingejua kupanga vikombe mezani. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kinyozi alinipigapiga begani, akasema karibu likizoni mkuu.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli, mwendo wote wa kurudi mpaka tulipofika mlangoni.

Vikombe. Kwa nini alisema vikombe? Kuna vitu vingi vya kupanga duniani. Kikombe kimoja kimepotea tangu Alhamisi na sikuwa nimemwambia mtu.

Jumatatu, 17 Agosti

Kwenye boti. Wenzangu wanasinzia nyuma, Nesi jua limempiga usoni na hajaamka. Mimi nimepata nafasi ya kuikagua ile leja kwa utulivu.

Ile kumbukumbu ya jana ni batili. Kitu hakitoki stoo bila muhuri, na muhuri upo kwenye begi langu, alama ya zipu haijaguswa. Vilevile anayetoa na anayepokea lazima wasaini wote wawili. Mimi sikusaini kutoka. Kwa hiyo kisheria mwenyekiti bado yumo stoo, chakavu lakini yumo. Sitawaambia sasa, wamechoka. Nitawaambia mwakani.

Kikombe nimekipata. Kilikuwa ndani ya begi langu, kimefungwa kwenye soksi. Nakumbuka sasa, nilikificha Alhamisi ili nione nani atakitafuta. Aliyekitafuta ni mmoja tu, na jina lake nimelifuta.

Bwana aliyekaa pembeni yangu ana nyumba kwenye kisiwa kile cha pili, vyumba vitatu, inatazama bahari. Anaitoa kwa bei ya kutupa. Sharti lake ni dogo mno: wageni wakamue mbuzi asubuhi, mbuzi kumi na wanne tu. Tumepeana mikono, kwa upande ule usio na bendeji. Kazi ya kukamua, ukiiangalia vizuri, ni mazoezi ya vidole, na fundi cherehani, kinyozi na nesi wote wanahitaji vidole.

Kinyozi ameamka, ameniuliza tulikuwa tunaongea nini na yule bwana. Nimemwambia hali ya hewa. Ameitikia, amefumba macho tena.

Kwa nini ameuliza? Bandarini nitanunua uzi mwingine, safari hii mweupe.