Malalamiko Kuhusu Picha Thelathini na Moja za Meneja

Shangazi Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mwili haujambo, ila roho haijatulia, na nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanicheka na malalamiko yangu yanaishia hapo.

YAH: PICHA ZA PAKA WAKO

Uliniomba nikuchoree Meneja kabla hujahamia kwenye ile nyumba ya ghorofa wasikoruhusu wanyama. Yeye anabaki kwa jirani yako mshona nguo, wewe unaondoka na mchoro wa kutundika ukutani. Nilikubali kwa moyo mmoja, maana wewe ndiye uliyeninunulia brashi ya kwanza wakati Baba ananitaka niwe mhasibu. Na kwa kuwa huyo paka sijawahi kumwona kwa macho, kila nikija naambiwa amelala, nilikuomba unitumie picha nzuri za simu. Umetuma thelathini na moja. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nilisema simu iwe usawa wa macho yake. Umempiga picha ukiwa umesimama wima, nami nimepata kichwa kikubwa chenye mkia, basi. Najua goti linauma, lakini meza ya kumpandisha unayo.

2. Nilisema mwanga wa dirishani. Umewasha taa ya simu, macho yanawaka kijani kibichi, na mpaka leo sijui rangi yake halisi.

3. Kumi na nne zimetikisika kiasi kwamba mke wangu alidhani ni taulo. Tisa nyingine ni pua tupu.

4. Ile ya ishirini na sita ina kidole chako. Kidole kimetoka vizuri mno, hata mikunjo inahesabika. Pembeni yake kuna sikio lenye pengo, nadhani ni hitilafu ya simu. Ukitaka nichore kidole, niko tayari leo hii.

5. Moja umeipitisha kwenye ile programu ya urembo. Meneja hana sharubu, ana kope ndefu na mashavu ya waridi. Shangazi, huyu ni dume la miaka kumi na mitano!

Kwa heshima zote napendekeza kikao cha familia kikunyang'anye simu kila paka anapokuwa karibu. Ikishindikana, Meneja afundishwe kujipiga picha mwenyewe, kwani hawezi kuharibu zaidi ya hapa. Hilo nalo likishindikana, nikuchore wewe na mchoro aachiwe yeye. Wewe angalau ukiambiwa utulie unatulia.

Sikungoja kikao. Jumanne ulipokuwa kliniki nilikuja mwenyewe, nikamkuta barazani kwako, nikalala kifudifudi kwenye saruji na kumpiga picha arobaini zilizofuata kanuni zote. Zako nimezifuta. Nimechora siku nne na kazi imekwisha. Sijawahi kumchora mnyama vizuri namna hii, na naomba liwe fundisho kwako.

Nisalimie jirani mshona nguo, wajukuu wote, daktari wa goti, na Meneja mwenyewe, ambaye katika haya yote hana kosa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Mchoraji

Nakala: Baba, ili ajue kazi yangu ina kanuni.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, jirani yako amepita hapa kwangu kuleta mapazia aliyotushonea. Ameuona mchoro akashika mdomo, akaniuliza nani kanituma nimchore paka wake. Kumbe anaye ndugu yake Meneja wa tumbo moja, na mchana hushinda barazani kwako. Wako, anasema, ana sikio lililochanika, na mgeni akibisha hodi huingia chini ya kitanda asitoke mpaka mgeni aondoke.

Nimekaa kitini nikazikumbuka picha zako. Kichwa kile cha kutoka juu, alikuwa anajisugua miguuni pako. Pua zile, alikuwa amekwisha kukufikia. Na zile zilizotikisika, Shangazi, alikuwa anakukimbilia. Arobaini zangu zimetulia kwa sababu yule paka hanijui na wala hana haja na mimi.

Nisamehe. Nitumie tena zote thelathini na moja, na uanze na ile ya kidole.