Zoezi la Kusafisha Dubwana la Bwawa

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba ukungu umepigwa marufuku.

Si ukungu wa asubuhi. Huo unaruhusiwa mpaka itakapotolewa taarifa nyingine. Unaopigwa marufuku ni ukungu, chenga, giza, mtikisiko na hali yoyote ya mashaka katika filamu za zamani za viumbe vya ajabu. Tangazo hilo nililiandika mimi, na mpaka leo sioni neno la kubadilisha. Mimi ni Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Viumbe Visivyothibitishwa. Ukaimu huu nimeushika muda mrefu kiasi kwamba hata mke wangu, tukiwa mezani, huniambia, "Kaimu, nisogezee chumvi."

Watu huidharau idara yetu kwa kutoijua. Tuna Kitengo cha Nyayo. Tuna Dawati la Vishindo vya Darini. Tuna mtaalamu wa mianga inayoonekana vilimani, ingawa yuko likizo ya masomo na haijulikani anasoma wapi. Kazi yetu kubwa ni kuhakikisha viumbe havithibitishwi ovyo, maana kiumbe kikishathibitishwa kinahamia wizara nyingine, na bajeti nayo inafungasha virago. Tangu idara ianzishwe hatujapoteza hata kiumbe kimoja.

Basi, mambo yalianzia redioni. Watu walianza kupiga simu vipindini wakizililia filamu za zamani, zile za Alhamisi jioni. Mnazikumbuka. Mtaa mzima umejazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, mmoja yuko nje ameshika antena, anauliza, "Bado?" na wa ndani wanajibu, "Bado! Geuza kidogo! Haya, hapo hapo, usihame!" Kisha inakuja sauti ya yule msimulizi, nzito kama inatokea ndani ya pipa: "Je, ni mnyama... au ni kitu kingine?" Alikuwa hajibu kamwe. Raha yenyewe ilikuwa hapo. Kipindi kikiisha hakuna mtoto anayekwenda chooni peke yake. Baadhi ya akina baba nao walikuwa wakisindikizwa, ila hilo haliko katika kumbukumbu za ofisi.

"Zamani kulikuwa na madubwana ya maana," mama mmoja alilalamika redioni. "Siku hizi kila kitu kinaonekana, na hakuna cha kutazama."

Mheshimiwa Waziri alimsikia. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na uchaguzi ukikaribia Mheshimiwa husikia vizuri sana. Akaniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Dubwana la Bwawa," alisema, na uso wake ukalainika. "Unalikumbuka?"

"Nani asiyelikumbuka, Mheshimiwa!"

"Mimi nililiona nikiwa kijana. Nakwambia ukweli, nililala taa inawaka. Mwezi mzima!" Akacheka, mwanya wa meno yake ya mbele ukaonekana, ule mwanya maarufu uliomo katika kila bango la kampeni. "Lirudishwe. Lakini si kwa chenga zile. Hii ni serikali ya uwazi. Mwananchi ana haki ya kuliona dubwana lake kuanzia pembe hadi kwato. Lisafishwe!"

"Mheshimiwa, huenda likisafishwa..."

"Ukilisafisha vizuri, na hilo neno 'Kaimu' tutalisafisha."

Sikuendelea na sentensi ile. Haikuwa na umuhimu tena.

Hapa sina budi kutangaza mgongano wa maslahi. Dubwana la Bwawa, kwa namna fulani, ni la ukweni kwangu. Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa pampu kwenye bwawa lililokuwa likileta maji mjini. Asubuhi moja yenye ukungu mzito, watu wa filamu waliokuja kupiga picha za ndege walinasa umbo la ajabu: kubwa, lina nundu mgongoni, pembe mbili zimechomoza, linatoka majini taratibu kuelekea barabarani. Siku hiyo hiyo pampu mpya ya bwawa ikawa haipo, na mji ukakaa kiangazi kizima bila maji. Baba mkwe alieleza alichokiona kwa macho yake. Dubwana. Nundu. Pembe. Miguu miwili. Halina haraka.

Uchunguzi rasmi uliongozwa na kijana mmoja mchapakazi wa Idara ya Maji, ambaye nyota yake haikuchelewa kung'aa na leo ndiye Mheshimiwa Waziri wetu. Uchunguzi ulithibitisha kwamba pampu ilichukuliwa na kiumbe kisichothibitishwa, ukapendekeza iundwe idara ya kukifuatilia, na mlinzi afukuzwe kazi kwa kushindwa kukizuia. Ni uchunguzi uliokamilika kila upande.

Tatizo ni kwamba watu wa mtaani hawaheshimu matokeo ya uchunguzi. Walisema mzee aliiuza pampu, halafu akatunga dubwana. Wakambandika jina, Mzee Pampu, na jina likamganda kama kupe. Akipanga foleni bombani, atatokea wa kuuliza, "Mzee Pampu, leo umetubakizia tone?" Yeye si mtu wa kunyamaza, huwatukana mpaka ndoo zinajaa. Lakini kila nilipokwenda kumsalimu, alishusha sauti.

"Mkwe, wewe uko serikalini. Kabla sijafa, naomba mtu mmoja tu mwenye kipaza sauti aseme mimi sikuiuza ile pampu."

"Suala lako linafanyiwa kazi, baba."

Halikuwa likifanyiwa kazi. Pampu haiko chini ya idara yangu. Chini yangu kuna dubwana tu. Nilimweleza mke wangu mipaka hiyo ya kiutawala, naye akaacha kukunja nguo, akanitazama.

"Kaimu, nisikilize. Baba yangu akizikwa na jina la Mzee Pampu, wewe utalala sebuleni mpaka ustaafu."

Nililipokea kama maoni ya mdau.

Filamu ikakabidhiwa kwa fundi wa picha, mwanamke mkimya mwenye mashine mpya inayofuta ukungu kama mtu anavyofuta vumbi mezani. Mimi nikashughulikia mambo mazito. Niliamuru picha rasmi ya Mheshimiwa itundikwe ukumbini kando ya skrini, iwe na ukubwa sawa na skrini, ili mtu asije akasahau ni nani aliyetuletea dubwana. Niliandaa pia Kanuni za Kiumbe Kilichotambuliwa: kiumbe chochote kikishatambuliwa hadharani, milango itafungwa, kitazuiliwa mahali pale pale, na wananchi watakitazama bila kiingilio. Na juu ya yote niliweka itifaki: hakuna mtu atakayeiona filamu iliyosafishwa kabla ya Mheshimiwa.

Siku moja kabla ya uzinduzi, fundi alikuja mlangoni kwangu akipangusa mikono isiyo na uchafu.

"Bosi, nimemaliza. Naomba uitazame kwanza."

"Itifaki hairuhusu. Hata mimi sioni kabla ya Mheshimiwa."

"Bosi, nakuomba. Dakika moja tu."

"Kwani wewe ulipokuwa unaisafisha, uliitazama?"

Akasita. "Nilijitahidi kufumba macho, bosi."

"Safi sana. Huo ndio uadilifu."

Kisha akasema, "Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," akaenda zake. Nilidhani anazungumzia mgonjwa wake wa nyumbani, nikamwombea heri.

Uzinduzi ulijaza ukumbi mpaka madirishani. Watu wa makamo walikuja na watoto wao kuwaonyesha kilichowatisha. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele kama shahidi wa kihistoria, amevaa koti lake la ulinzi lililopauka, na kando yake mke wangu, ambaye hakunisalimu. Mheshimiwa alipanda jukwaani, akazisaini Kanuni mbele ya kamera, akazibusu, akasema kuanzia leo hakuna dubwana litakalojificha katika nchi hii. Makofi. Milango ikafungwa. Taa zikazimwa.

Muziki ule ule ukaanza, na nakwambieni, watu wazima walishikana mikono. Bwawa likatokea, na ukungu. Umbo likatoka majini. Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja. Kisha mashine ya fundi ikaanza kazi yake, na ukungu ukawa unanyanyuka kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu.

Kwato zikawa mabuti ya mpira, yale yaliyokuwa yakitolewa na Idara ya Maji.

Nundu ikawa pampu iliyofungwa kwa turubai.

Pembe zikawa vipande viwili vya bomba.

Nilianza kuhisi joto, nikakumbuka kwamba viyoyozi haviko chini ya idara yangu. Ukungu ukafika usoni. Dubwana likageuka kuangalia nyuma kama hakuna anayelifuata, likaona hakuna, likatabasamu. Na lilipotabasamu, mwanya ukaonekana. Pale kando, kwa ukubwa ule ule, picha rasmi nayo ilikuwa inatabasamu.

"Je, ni mnyama," ikauliza ile sauti ya ndani ya pipa, "au ni kitu kingine?"

"Ni Waziri!" ukumbi mzima ukajibu.

Tangu filamu zile zianze kuonyeshwa, ilikuwa mara ya kwanza swali lile kujibiwa.

Mheshimiwa peke yake alikuwa bado anapiga makofi. Msimhukumu. Mtu mwenye majukumu mengi hawezi kukumbuka kila pampu. Makofi yakapungua, yakafa. Akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Yaani miaka yote hii... Mimi niliandika tu kwenye ripoti. Nilipoiona filamu nikajua kumbe lipo kweli. Nililala taa inawaka, bwana!"

Kisha akarudiwa na uongozi. Akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, picha hii ina chenga."

"Hapana, Mheshimiwa," nilisema, kwa sababu kazi nzuri lazima itetewe. "Tulizitoa zote."

Akanitupia kipaza sauti, akakimbilia mlango wa pembeni. Mlinzi wa ukumbi akakaa sawa mbele ya kitasa.

"Fungua!"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Kiumbe kilichotambuliwa hakitoki. Ndiyo kanuni, umeisaini sasa hivi, hata wino haujakauka."

Mheshimiwa akageuka, akapaza sauti toka kule mlangoni. "Mkurugenzi! Mkurugenzi, sema kitu!"

Mmesikia? Alisema Mkurugenzi. Kavu, bila Kaimu. Neno hilo nimelisubiri ujana wangu wote, nikalifanyia mazoezi kioo kikiwa na mvuke wa kuoga, na sasa limetamkwa mbele ya taifa zima. Kilichobaki ni mimi kusema kwamba filamu imechezewa, na fundi akamatwe. Sentensi mbili tu. Nilikuwa nazo ulimini.

Nikamwona baba mkwe. Alikuwa amesimama, mikono imeshika pindo la koti lake, na hakuwa akimtazama Waziri. Alikuwa akikitazama kipaza sauti. Kando yake mke wangu alikuwa analia waziwazi, na huyu ni mwanamke ambaye hata msibani hulaumu kwanza. Nasema hivyo kama taarifa.

"Idara," nikasema, "inapenda kuthibitisha, kwa mara ya kwanza katika historia yake... kwamba mlinzi wa bwawa hakuiuza pampu. Alisema kweli. Nundu, pembe, miguu miwili. Hakuiuza."

Watu wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Rudia," akasema baba mkwe. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia tena kwa sauti kubwa, na safari hiyo wa nyuma wakaitikia, "Hakuiuza!" na mtu mmoja kati yao, ambaye namfahamu kwa kejeli zake pale bombani, akavua kofia.

Mzee akakaa chini. Nilishuka jukwaani kwenda kumpa mkono, nikamkuta amenuna.

"Baba, hukufurahi?"

"Nimefurahi, mkwe. Mungu akubariki." Akaitazama skrini, ambapo Mheshimiwa kijana alikuwa ameganda na pampu yake mgongoni. "Lakini mimi nilifukuzwa kazi na dubwana. Nilitukanwa, sawa, ila nilikuwa nimeliona dubwana, wao hawakuliona. Sasa mmelisafisha mpaka limebaki mwizi. Wezi nawaona kila siku."

Wananchi walipanga foleni, wakapita jukwaani wakimtazama Mheshimiwa bila kiingilio, wengine wakamwomba atabasamu. Jioni polisi walikuja kukihamisha kiumbe, na kama nilivyokuwa nikionya siku zote, bajeti iliondoka nacho kwenda Idara ya Magereza. Neno "Kaimu" nalo limesafishwa, pamoja na cheo kilichokuwa nyuma yake. Mke wangu bado ananiita Kaimu mezani, ila siku hizi chumvi ananisogezea yeye.

Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura. Ukungu umeruhusiwa tena, na si kuruhusiwa tu, umetangazwa kuwa urithi wa taifa. Mawaziri wameeleza kwa uchungu jinsi walivyozipenda filamu za utotoni mwao kama zilivyokuwa, hasa Jini la Ghala la Mahindi, Mianga ya Mgodi wa Zamani, na ile ya daraja lililotoweka usiku mmoja. Wameagiza mikanda yote irudishwe serikalini bila kuguswa.

Nilikwenda mwenyewe kwa fundi kuichukua, ikiwa kazi yangu ya mwisho ofisini. Nilimkuta anazima mashine yake, mikanda imepangwa mezani, imefungwa vizuri, bado ina joto. Nikamuuliza kama alifumba macho.

"Safari hii, bosi," alisema, "sikujitahidi."

Nasikia sasa hivi mtaani wanakokaa mawaziri, hakuna nyumba inayozima taa usiku.