Nati Mbili za Ekzosi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetukanwa. Mbele ya mke wangu Celestine, kwa simu, spika ikiwa imewashwa!

Baba mkwe, Mzee Nyamweya, alipiga kutoka Gesima. Jumapili kuna shukrani: mama mkwe Kwamboka ametimiza miaka sabini. Mkwe mmoja atachaguliwa kusema kwa niaba ya wakwe wote. Moyo ukaruka! Mimi ndiye mkwe mkubwa. Miaka kumi na minane, na sijawahi kupewa nafasi ya kusema pale, hata kuombea chakula. Kisha Mzee akacheka. Akasema pikipiki yangu wanaisikia ikiwa bado kule kituo cha majani chai. Watu nyuma yake wakacheka pia. Simu ikakatika.

Basi nimeelewa. Nafasi ni ya Nyabuto, mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wa Celestine. Nyabuto ana pikipiki mpya isiyosikika. Yangu ina umri wa binti yangu Cynthia, na tangu gasketi inayoziba maungio ya ekzosi, bomba la moshi, ilipoungua miaka kumi iliyopita, inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Celestine ameuliza kama nina hakika yale yalikuwa matusi. Hajui mambo ya wakwe.

Mpango: toa ekzosi, weka gasketi mpya, rudisha. Imeshikwa na nati mbili. Mbili tu! Kazi ya nusu saa.

Jumanne, 5 Agosti

Nusu saa ilianza saa moja asubuhi. Sasa ni saa saba mchana.

Kutu! Nati hazijatikisika. Spana imeteleza mara nne, kona za nati zimeanza kuwa mviringo, na ngozi ya vidole vyangu imebaki kwenye injini.

Nimempigia Ochanda, fundi wangu wa Kisii mjini, mtu wa ziwani asiyejua haraka. Amesema nisilazimishe. Nipake mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, siku tatu, nikigonga polepole. Siku ya kufungua nikaze kwanza kidogo, ndipo nilegeze. Nikaze kitu ninachotaka kulegeza! Akaongeza, "Nati iliyoshika ni kama mama mkwe, bwana Ongeri. Huendi kwake mbio."

Siku tatu! Mimi nina akili yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Soda nyeusi inakula kutu. Hapa kwetu Mosocho kila mtu anajua. Nimemwaga chupa mbili. Kufikia saa nne, sisimizi wote wa kata hii walikuwa kwenye injini yangu, na baadhi yao ndani ya suruali.

Sikukata tamaa. Nikachukua bomba la maji la urefu wa mita moja, nikalichomeka kwenye mpini wa spana, nikaning'inia.

KRAK!

Imetoka! Nikaruka. Nikaimba. Nikamwita Celestine aje aone mwanamume aliyemwoa. Akaja akifuta mikono. Akaitazama nati, akauliza kwa upole kwa nini ndani yake kuna kipande cha chuma.

Bolti imekatika. Nusu ninayo mkononi, nusu imebaki kwenye injini.

"Sasa Baba Cynthia," akasema, "zimebaki nati ngapi?"

Nikaitia ile nusu mfukoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Pikipiki imeenda Kisii juu ya pikapu ya ndizi. Mimi pia. Ochanda alipoona sisimizi alikaa chini kwenye tairi na kucheka hadi mafundi wenzake wakaja kuuliza nani amekufa.

Lakini ni fundi, nakubali. Ile nati ya pili aliipasha moto kwa gesi, akaigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Akaikaza kidogo. Akailegeza. Ikatoka kwa vidole! Niliona wivu wa kweli. Kile kipande kilichokatika alikitoboa katikati kwa mashine, taratibu, muda wa saa mbili, kisha akakizungusha hadi nje.

Amenipa bolti mpya, nati mpya, gasketi, na kichupa cha grisi ya shaba. Nipake kwenye meno ya bolti, amesisitiza, ili siku nyingine nati zifunguke. Nikasema nitafunga mwenyewe nyumbani. Jumapili nataka kusema, bila kudanganya, kwamba nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimewaza sana. Kwa nini nipake kitu cha kufanya nati zifunguke? Mimi nataka zifungwe! Ochanda anajitafutia kazi ya mwaka ujao.

Nimenunua gundi ya chuma inayostahimili moto. Muuzaji ameapa hata trekta haiwezi kuivuta. Nimepaka kwenye bolti, kwenye nati, kote. Nimemaliza nusu saa kabla ya jua kuzama, maana jua likizama Sabato imeingia na Celestine hukusanya spana zote na kuzifungia sandukuni.

Nikapiga kiki.

Kimya! Inaunguruma chinichini kama paka aliyeshiba. Nimepita nyuma ya jirani yangu Mogire, hakugeuka hata! Nimezunguka soko mara sita. Sijawahi kuwa na raha hivi tangu siku ya harusi, na siku ya harusi nilikuwa na homa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Sikugusa chombo chochote. Mahubiri yalihusu unyenyekevu, mazuri sana. Niliyatumia kupanga hotuba.

Mpango wa kesho: nitangulie mapema, peke yangu, Celestine na Cynthia waje na gari la kanisa. Niingie bomani kimya kabisa. Mzee atoke, anikute nimeshaegesha, aduwae. Nyabuto atafika na kukuta nafasi imechukuliwa. Ha!

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa chini ya mti wa parachichi wa Mzee Nyamweya, nje ya lango. Nje.

Nilifika saa moja. Sikusikika kituo cha majani chai. Sikusikika langoni. Hata mbwa alilala. Nikazunguka nyuma ya jikoni nikaegeshe kivulini.

Mama mkwe alikuwa pale. Ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, kichwa wazi, gauni la ndani tu limepandishwa juu ya magoti, anajisugua visigino na kuimba.

Mimi! Mkwe! Sisi Wagusii tuna ensoni, ile heshima ya aibu kati ya mkwe na mama mkwe. Sijawahi hata kumshika mkono. Miaka kumi na minane sijawahi kuona nywele zake. Leo nimeona magoti.

Akapiga yowe. Beseni likaniangukia kifuani pamoja na maji. Akatokomea migombani, na hadi saa nne alikuwa bado huko, wajukuu wakimpelekea nguo kipande kimoja kimoja.

Mzee aliniketisha hapa. Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali. Alisema, "Omoko," yaani mkwe, "pikipiki yako ndiyo ilikuwa hodi yako. Ukinguruma kule kwa majani chai, mama yenu anaingia ndani, anajifunga kitambaa, anakaa vizuri. Sisi husema huyu mkwe ana adabu kuliko wote." Akatazama shati langu lililolowa. "Ndiyo maana nilikuchagua useme. Siku ile kwa simu tulikuwa tunakusifu."

Walikuwa wananisifu!

Nyabuto alifika saa nne na nusu. Akasimama langoni na kupiga honi mara tatu. Eti ndivyo anavyofanya siku zote. Akasubiri mpaka aitwe. Na ndiye aliyesema. Alisema vizuri. Nilimsikia kupitia ua, na nililia kidogo, si kwa ajili ya hotuba tu.

Uamuzi wa wazee: nilete mbuzi wa kuondoa aibu, na nisivuke lango lile mpaka pikipiki irudishiwe sauti yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Celestine amerudi na ujumbe kutoka kwa mama yake. Nilijiandaa kwa laana. Mama hajakasirika. Anauliza tu nitaanza kusikika lini. Anasema Gesima sasa ni kimya, hajui nitatokea lini wala akae vipi.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapenga kamasi.

Nimempigia Ochanda: toa gasketi, rudisha kelele. Akauliza kama nilipaka grisi. Nikamweleza kuhusu gundi. Nikasikia ameketi kwenye tairi. Alipopata pumzi akanishauri ninunue honi, nipige langoni mara tatu, yaishe.

Honi! Kama Nyabuto! Mimi nimwige Nyabuto?

Hapana. Ekzosi itatoka. Nimeshamwaga soda, safari hii chupa nne, na Mogire ameniazima bomba la mita mbili. Celestine amekaa mlangoni na kikombe cha chai kutazama. Ajionee. Ni nati mbili tu. Kazi ya nusu saa.