Samaki Mpana wa Bwawa la Hombolo

Jumanne, 6 Agosti
Mwanangu Penina amenitia kidole cha uji jichoni sasa hivi, kisha akacheka mwenyewe. Naandika kwa jicho moja. Nikamkumbuka yule samaki! Nilimwona jana kwenye simu ya mume wangu. Mpana kama ungo, amelala bapa mchangani chini ya bahari, macho yote mawili upande mmoja. Mwanamke akapiga mbizi bila mtungi wa hewa, pumzi yake tu, akamchoma mkuki. Nimewaza siku nzima. Eti jicho moja huhamia upande wa pili akikua. Linahama lini? Linauma? Mama yake humbembeleza?

Jumapili Penina anabatizwa. Wifi yangu Ritha anamtengenezea ngoma mpya na ataipiga mwenyewe. Kila mtu anamsifu. Mimi mama mtu nina mboga ya mlenda tu ya kupeleka. Nikatangaza mbele ya wote: nitaleta samaki mpana! Ritha akauliza, wifi, wewe unayeogopa hata beseni?

Jumatano, 7 Agosti
Mazoezi. Kichwa ndani ya beseni, nahesabu. Nimefika kumi na nne. Penina akadhani ni mchezo, akanipiga kofi la kisogo. Nimemeza maji ya kufulia.

Nikamuuliza Denis mvuvi kama bwawani kuna samaki bapa. Akasema miaka yote ni perege na kambare tu. Nikamuuliza, umewahi kutazama chini ya matope? Akasema hajawahi. Basi!

Nikaenda kwa baba mkwe. Shikamoo, naomba mkuki. Akauliza fisi yuko wapi. Nikasema yuko majini. Akanitazama weee, akanipa.

Alhamisi, 8 Agosti
Nanenane. Mume wangu kaenda Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima. Mama mkwe kambeba Penina. Nafasi ndiyo hii!

Nikajifunga khanga, nikaingia bwawani na mkuki. Maji ya kifuani, rangi ya chai ya maziwa. Nikazama. Kumi na tisa! Nikapapasa matope. Yupo! Mpana, bapa, kajificha chini ya mawe. Mjanja! Nikachoma. Hakupigana hata kidogo. Samaki mpole, nikamwonea huruma. Nikamburuta mpaka nchi kavu. Ana manyoya. Nikafurahi zaidi: aina mpya! Nikamgeuza kutafuta macho. Upande huu hamna. Upande ule hamna.

Ritha akatokea na ndoo. Yowe lake! Kumbe ni ngozi ya ndama, kailoweka tangu Jumatatu ili manyoya yatoke, akaigandamiza kwa mawe. Ngozi ya ngoma ya Penina. Sasa ina tundu, vidole vitatu vinapita.

Ijumaa, 9 Agosti
Ritha katuma neno: Jumapili haji. Mtoto abatizwe shangazi yake hayupo? Nikambeba Penina mgongoni hadi kwake. Nikapiga magoti, nikasema wifi, nimekosa, hata mlenda wangu wote chukua. Penina akamnyooshea mikono. Ritha akampokea, bado kanuna. Kisha akauliza, hivi kweli ulifika kumi na tisa? Nikasema haki ya Mungu. Akasema hata yeye hujiuliza kule chini kuna nini. Akachukua kisu, akakata kando ya tundu, akakwangua manyoya yaliyobaki. Kimepatikana kipande cha ngoma ndogo.

Jumapili, 11 Agosti
Kabatizwa! Hakulia hata kidogo. Ngoma ndogo ina sauti kali kama nini! Ritha akaibana mapajani, wamama wakacheza mpaka vumbi likatufunika. Mlenda ndio uliisha wa kwanza. Mama mkwe kaninong'oneza, natumaini umepata fundisho. Nikasema ndiyo, mama.

Na kweli nimelipata. Kosa lilikuwa kuzama kandokando, watu wanakoloweka vitu vyao. Katikati ya bwawa hakuna mtu anayeloweka ngozi. Kwa hiyo chochote kipana kilicholala huko hakiwezi kuwa kitu kingine ila yule samaki. Ritha ananiita nje. Anasema Denis kakubali kutupeleka kesho na mtumbwi wake, nije haraka nimwonyeshe jinsi ya kubana pumzi.