Kiitikio cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha! Miaka ishirini na mbili nimepigia besi nyimbo za watu; basi, imetosha. Leo mpiga kinanda ninayempigia besi kanionyesha bango la onyesho lake. Uso wake umejaa karatasi nzima, na miwani ya jua juu. Pembeni kuna kiwiko. Kiwiko changu. Akasema nishukuru, wengine hawakupata hata hicho.

Nimemwambia mke wangu kuanzia leo mimi ni msanii wa kujitegemea. Akauliza kama msanii anaweza kwenda kubadilisha mtungi wa gesi. Nikasema msanii hatumwi ovyo ovyo.

Mtungi ule ni mzito sana.

Jumatano, 5 Machi

Mcheza kwao hutunzwa. Nimetunga wimbo chumbani, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Unaitwa "Mpenzi Geuka". Besi ilikubali papo hapo. Maneno yalikubali baada ya kikombe cha tatu cha chai. Nikajirekodi kwa simu, nikasikiliza. Simu mbovu! Nikampelekea fundi mitambo wa studio aikague. Akasikiliza mpaka mwisho, mtu wa watu yule, akasema simu ni nzima kabisa. Akashauri nitafute mtu wa kiitikio. Kiitikio kirefu, akasisitiza.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili, amekuja kutibiwa macho. Huimba akichambua mboga. Kisauti cha jikoni tu, hakiwezi kumfunika mtu. Ndicho ninachokitaka! Lakini utamwombaje mama mkwe akuimbie "mpenzi geuka"? Nikamtuma mke wangu. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda. Jibu limerudi jioni: mama amekubali, ila neno "mpenzi" halitamki mbele ya mkwewe.

Wimbo sasa unaitwa "Mwenzangu Geuka". Umepoa kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Studio. Mama mkwe kavua viatu mlangoni, kakaa kwenye kigoda cha mpiga ngoma, kaimba kiitikio mara moja. Fundi mitambo akavua hedifoni, akasimama. Miaka kumi na moja tunafanya kazi pamoja, hajawahi kusimama kwa ajili yangu hata kunipisha!

Nikaingia ubeti wa kwanza. Mama akainua mkono taratibu.

"Baba, samahani," akaniambia. "Hapo unapopandisha, kuna mahali panauma?"

Nikasema hapana, mama, ni hisia.

"Pole sana," akasema.

Fundi akapendekeza mama ajaribu na beti. Zote. Nikauliza, na mimi je? Wote wawili wakaliangalia gitaa langu la besi.

Nikalipiga. Mwanzoni kwa hasira. Ubeti wa pili hasira sikuiona tena ilikokwenda. Kila nilipoacha nafasi, mama aliweka neno, kama tuliokubaliana zamani. Sijapiga hivyo tangu nioe. Tulipomaliza nikapangusa macho, nikasingizia vumbi. Fundi yule hufagia studio kutwa mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Wimbo umepigwa redioni! Mtangazaji kamwita mama "sauti changa". Miaka sitini na saba! Akamuuliza kwa simu anayempigia besi ni nani.

"Ni mwanangu," mama akajibu. "Nikipotea, namfuata yeye."

Mke wangu akanitazama. Nikaenda kuhakikisha bomba la nje limefungwa. Nikalihakikisha kwa muda mrefu.

Mchana mpiga kinanda kapiga simu, sauti imelainika kama mafuta, anaomba kumpigia mama kinanda. Nimemjibu kwamba mama hana nafasi mpaka mwakani.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu nimeliona: nilichagua mtu aliyezoea kuimba. Wimbo wa pili nasimama mbele mwenyewe, na nyuma yangu naweka mtu asiyeweza kunifunika hata kwa bahati mbaya.

Baba mkwe amefika jana kumchukua mkewe. Mzee mkimya, hata salamu huitikia kwa kichwa. Leo asubuhi nimemsikia bafuni, anaimba peke yake. Sauti nzito, imetulia, inatingisha vioo vya dirisha. Jirani katoka nje kusikiliza.

Huyu ndiye! Nitamwambia ni kiitikio tu.