Uzinduzi wa Bustani ya Vipepeo, Kalimoni

Mgeni wa heshima ambaye yuko njiani, mwakilishi wake ambaye pia yuko njiani, chifu, naibu wa chifu, wachungaji wa makanisa yote yenye spika kubwa, akina mama wa Kalimoni, vijana wenye kamera kutoka hosteli za Kahawa Wendani, na wewe uliyekuja kwa sababu ya soda: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi, Zacharia Gachau, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Bustani ya Vipepeo, nasimama hapa nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa maana wataalamu wetu, baada ya feasibility study ya kina iliyofanyika hotelini Mombasa kwa wiki mbili, wamethibitisha kwamba mvua ya Aprili ikishanyesha, kichaka hiki hujaa aina sitini na moja za vipepeo, ambao mtalii atawapiga picha bila hata kushuka kwenye gari. (Vigelegele.) Nani aliwahesabu? Ni Mama Ngendo yule pale, mwenye simu iliyopasuka kioo, ambaye kwa miaka mitano amekuwa akilala kifudifudi kwenye matope haya akiwapiga picha mmoja mmoja, hata majirani wakaanza kumwombea. (Kicheko.)

Kamati nayo haikukaa bure. Ili vipepeo wetu wasibughudhiwe, mwezi jana nilisimamia mimi binafsi upulizaji wa dawa, kila jani, juu na chini, na leo natangaza kwa ujasiri kwamba asilimia mia moja ya viwavi wameangamizwa! (Makofi. Kisha sauti ya Mama Ngendo: "Ngai fafa! Gachau, hao viwavi si ndio hugeuka vipepeo?")

Mama, hayo ni mambo ya technical, tutayapeleka kwa stakeholders. (Mama Ngendo, akilia: "Niko hapa tangu asubuhi na sijaona hata mmoja!") Huo ndio utulivu tuliokuwa tukiutafuta.

Vipepeo juu! (Watu wanatazama juu.) Juu zaidi! (Mtu mmoja: "Soda iko wapi?")

Kwa kumalizia, nakushukuru kwa dhati, Mama Ngendo, kwa picha ulizotuazima, kwani tuliziambatisha kwenye ripoti ya kukamilika kwa bustani tuliyowatumia wafadhili Januari, ilhali hata shimo la choo hatujachimba. Walifurahi sana. Wiki ijayo wanakuja kuitembelea. Kwa hivyo tafadhali, mama, usifute kitu kwenye hiyo simu. Hiyo ndiyo bustani.

(Mama Ngendo anaitia simu kifuani na kwenda zake.)