Jinsi Nilivyoipamba Nyumba ya Mwalimu Kalekye

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepata mteja! Mwalimu Kalekye, mstaafu, anakaa Katelembo. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, tangi la maji. Anataka kuuza ahamie kwa mwanawe Nairobi. Anasema tangu mzee wake afariki nyumba imemshinda. Akianguka bafuni, nani atajua? Nikamwambia pole, mwaitu, mama yangu, lakini nyumba yako haiuziki ilivyo. Akauliza ina ubaya gani. Nikamwonyesha kwenye simu video ya jinsi nyumba za ng'ambo zinavyopambwa kwanza, ndipo mnunuzi aletwe. Machakos nzima, kazi hii naifanya mimi peke yangu. Nimechapisha hata kadi: Antony Muthoka, Mshauri wa Mwonekano wa Nyumba.

Lazima ifaulu. Mke wangu Kavata amenipa hadi Jumamosi. Nisipouza hata nyumba moja, naenda Katangi kufanya kazi kwenye kinu cha unga cha kaka yake, Muindi. Muindi! Mtu anayeniita "bosi" halafu anacheka. Afadhali nichunge mbuzi wa watu.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ni mgumu, haki. Nilisema vitambaa vya kushonwa vitoke kwenye viti. Akasema amevishona mwenyewe. Nikasema kabati la vioo litoke. Akasema hilo lilinunuliwa na marehemu. Kalenda nne ukutani, moja ya 2009! Akasema hiyo ina picha nzuri. Na picha za ukoo: harusi, ubatizo, mahafali, kumi na saba. Nikamweleza kwamba mnunuzi akikodolewa macho na ukoo mzima hataweza kujiona akiishi pale. Akasema asijione basi, nyumba si kioo. Mpaka nilipomtisha kwamba Peris ataiuza nyumba yake kwa bei ya kutupa, ndipo akakubali, shingo upande.

Peris ni broka mwenzangu wa kuuza nyumba. Mwenzangu, ati! Hapambi chochote. Anapigilia kibao kwenye mti, anakula njugu, anangoja. Leo tumekutana mjini akaniuliza kama ni kweli siku hizi naosha nyumba za watu. Mtu wa maono hajibizani na mtu wa njugu.

Jumatano, 5 Machi

Mnunuzi huyo! Anaitwa Lenny, anafanya kazi kiwandani Athi River, anakuja Ijumaa saa nne na mkewe.

Nimempa Mwalimu masharti. Asimwambie jirani yeyote kwamba anauza, maana majirani wakijua bei wanaharibu. Na asiwepo, kwa sababu mwenye nyumba akiwepo mnunuzi anaona haya kufungua makabati. Aende kwa dadake Kangundo kesho asubuhi, arudi Ijumaa mchana, na simu azime. La sivyo atanipigia kila dakika tano.

Kuhusu majirani akasema nisijali, hana anayemsemesha. Huyu wa karibu, Nzembi, ni mwaka wa pili hawaamkuani, kisa mbuzi wa Nzembi alikula maharagwe ya Mwalimu. Safi kabisa! Siri iko salama.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi, kazi! Mimi na watu wawili wa mkokoteni tumetoa viti, kabati na ukoo wote ukutani, tukavirundika nyuma ya nyumba na kufunika kwa turubai. Sebule imebaki wazi, ukikohoa inakujibu. Nimekodi hema, kwa sababu jua la Machi halina adabu na mke wa Lenny ni mjamzito. Viti vyeupe vya plastiki, hamsini. Wenye viti walikataa kukodisha pungufu. Maua meupe mlangoni. Meza moja yenye kitambaa cheupe. Video inasema acha kitu kimoja cha kugusa moyo, basi nikachapisha picha kubwa ya Mwalimu akitabasamu na kuisimamisha mezani katikati ya maua. Nikarudi nyuma nikaitazama. Nusura nilie.

Nzembi akachungulia juu ya ua. Akauliza mbona watu wa kanisa wanasema Mwalimu hapatikani kwa simu, yuko wapi? Nikakumbuka siri. Nikainamisha kichwa, nikamwambia familia haijaniruhusu kusema. Akashika mdomo, akaondoka mbio. Nimemnyamazisha vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Woi.

Nimefika saa tatu. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana cha mtaa, walikuwa wamenitangulia, na kuni, na mitungi ya maji, na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, tayari jikoni. Kwaya imejipanga. Viti vyote hamsini vimekaliwa. Nikajua siri imevuja, wamekuja kuchungulia mauzo, nikakasirika sana. Lakini kila niliyetaka kumfukuza alinishika mkono kwa mikono yote miwili akaniambia pole. Kisha Katekista Kitheka akaniuliza kwa upole mwili uko mochari gani.

Ndipo nikaitazama ile meza upya. Aia!

Ningesema ukweli. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini Lenny alikuwa amebakisha nusu saa, na nikafikiria: watu wengi hivi, wamevaa vizuri, si wanaonyesha kwamba mtaa una umoja? Nikamwomba tu Katekista watu wasilie kwa sauti kati ya saa nne na saa nne na nusu.

Lenny akafika. Akaona picha, akasikia kwaya, akavua kofia. Mkewe akakataa kushuka garini. Na nani alikuwa langoni? Peris! Amekuja kutoa rambirambi, ati. Akawachukua akawapeleka nyumba ya tatu kutoka hapo, yenye nguo kwenye kamba na kuku jikoni. Wameipenda. Nyumba yenye kuku jikoni!

Saa sita Mwalimu akarudi na mkoba wake, akasimama nyuma ya hema. Hakuna aliyemwona ila mimi. Katekista alikuwa anaeleza jinsi marehemu alivyombeba mwanafunzi mgonjwa mgongoni hadi hospitali, mvua ikinyesha. Halafu Nzembi akasimama. Akasema miaka miwili ameiona taa ya Mwalimu ikiwaka peke yake, na ameona haya kubisha hodi kwa sababu ya maharagwe. Mwalimu alisikiliza yote bila kupepesa macho. Kisha Katekista akasema marehemu alianza kufundisha mwaka wa 1980, na Mwalimu, kwa sauti ya darasani, akamsahihisha kwamba ni 1978.

Kelele hizo siwezi kuziandika. Katekista alikimbilia ndani ya nyumba, akatokea dirisha la nyuma. Hema lilianguka. Nzembi peke yake hakukimbia: alimshika Mwalimu, akamtikisa, akamgombeza, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Nami nikalia, kwa sababu ya hema.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu hauzi. Amesema alitaka kuhama kwa kuogopa kufa bila mtu kujua, na sasa ameona wangapi wangejua. Mwethya wamemrudishia vyombo vyote ndani. Yeye na Nzembi walikuwa wanapepeta maharagwe pamoja nilipoenda kuomba angalau barua ya kunisifu. Walicheka mpaka nikaondoka.

Kavata alinifungia nguo kwenye begi.

Jumatatu, 10 Machi

Katangi. Muindi amenionyesha mashine, kisha akaenda Matuu kutafuta mkanda mpya, akaniachia kinu. Wateja walikuwa wameacha mahindi yao kwenye foleni wakaenda sokoni. Magunia kumi na moja, kila moja na rangi yake, mengine na viraka! Nani atatamani unga unaotoka mahali pa namna hiyo? Nikafagia. Nikafungua magunia yote, nikayamwaga mahindi katikati ya sakafu: fungu moja kubwa, jeupe, limechongoka vizuri. Nikalipiga picha. Kitu kama hicho hakijawahi kuonekana Katangi.

Sasa wenyewe wamerudi. Kila mmoja anauliza yake ni yapi. Wanapiga kelele wote, isipokuwa mzee mmoja anayetabasamu. Inasemekana yake yalikuwa na wadudu. Nimewaomba watulie kwanza, warudi nyuma hatua tatu, walitazame fungu lote kwa pamoja.